Dada Yangu na Vitenzi vya Uvivu

Nafundisha Kiingereza sebuleni kwangu, Chanji, hapa Sumbawanga mjini. Watoto wanakuja wakitoka shule, wanavua viatu mlangoni, wanakaa kwenye mkeka, na mimi nasimama mbele ya ubao niliotengenezewa na fundi wa mtaani. Nilisomea ualimu, nikamaliza, nikaomba ajira mpaka nikachoka kuomba, ndipo nikafungua tuisheni. Wazazi wa mjini wanakipenda sana Kiingereza. Wengi hawajali kama mtoto ameelewa alichosoma. Wanataka tu wamsikie akikisema mbele ya wageni.

Kiingereza changu mwenyewe nilikipata kwa kukariri. Sekondari tulikuwa na mwalimu aliyependa kutuandikia vitenzi vyenye mkia: "look for", "look after", "give up", "give in". Sisi tulivinakili na kuvitamka kwa pamoja kama watu wanaosali rozari. Alituambia kwamba mkia ukibadilika, maana inabadilika, na tusiulize kwa nini. Hatukuuliza. Niliondoka pale na alama nzuri na imani kwamba lugha ile nimeimaliza, na nilipenda watu wajue hivyo. Nikienda kwetu kijijini, Mwimbi, mtu akiniletea boksi la dawa nimsomee maelezo, nilikuwa nayasoma kwanza kwa sauti kwa Kiingereza, mpaka mwisho, halafu ndipo namweleza ameze viwili asubuhi na viwili jioni.

Dada yangu hakwenda sekondari, na sikuwahi kumsikia akilililia jambo hilo. Alilipenda shamba. Alipokuwa msichana, siku za kulima kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, watu walikuwa wanagombea awe upande wao. Alikuwa anamaliza mstari wake mapema, anageuka nyuma, anashika kiuno na kuwatania walioachwa: "Jamani, mnalima au mmedondosha sindano mnaitafuta?" Watu wanacheka, wanamtukana kwa Kifipa, naye anarudi nyuma kuwasaidia. Hakuna mtu kijijini aliyewahi kulitaja jina lake na uvivu katika sentensi moja.

Aliolewa palepale kijijini na mwanamume mpole, asiyeongea sana. Walikaa muda mrefu bila mtoto, mpaka upande wa mume wakaanza kunong'ona, halafu wakapata msichana. Kwetu mwanamke akishazaa jina lake la zamani linawekwa pembeni, anaitwa kwa jina la mtoto. Dada aliitwa mama wa yule msichana na nadhani hakuna jina alilowahi kulifurahia kama hilo. Mtu akimwita kutoka mbali alikuwa anachelewa kuitika makusudi, ili aitwe tena.

Mtoto alifariki akiwa darasa la pili, msimu wa mvua. Ilikuwa homa. Ilianza kama homa nyingine zote, akanywa dawa, akaamka akacheza, ikarudi, na safari hii haikuondoka. Tulimzika kukiwa na matope, na wanaume waliobeba jeneza walikuwa wanateleza.

Baada ya mazishi watu hawakujua wamwite nani. Wengine waliendelea na jina lile lile, halafu wakaona aibu. Wengine walianza kulitamka wakakatia njiani: "Mama... eeh, dada, habari za leo?" Kanisani, kwenye jumuiya, walimwita "mwenzetu". Siku moja nilipokwenda kumwona aliniambia, bila hata kuinua macho kutoka kwenye maharage aliyokuwa anachagua, "Siku hizi wananiita nusu."

Nilikwenda kumwona mara kwa mara mwaka ule. Kila nilipofika nilikuta uwanja umefagiliwa, sufuria zimesuguliwa na kuinamishwa juani, mume amekula, kuku wamefungiwa. Ananipikia ugali wa ulezi, ananiuliza habari za mjini, anajibu nikimwuliza. Nikirudi Sumbawanga nilikuwa nawaambia ndugu, "Dada anaendelea vizuri. Kazi zake anafanya zote." Tulifurahi. Tuliupima uzima wake kwa weupe wa sufuria.

Alikuwa kwenye kikundi cha akina mama wanaosindika ulezi. Kulikuwa na mradi wa watu wa nje uliowapa mashine ya kusaga, na wao walikuwa wanapepeta, wanaosha, wanaanika, wanasaga, na kutia unga wa lishe kwenye pakiti. Mradi ulikuwa unataka kufungua chumba cha kufungashia mjini, mtaa wa Milanzi, na kuchukua wanawake wawili kutoka kijijini wakasimamie. Kabla ya hapo angekuja mgeni kuangalia kila mmoja anavyofanya kazi.

Dada aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote nilichowahi kumwona akikitaka. Hakusema kwa maneno mengi. Alinipigia simu, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, akaniuliza kutoka Milanzi mpaka kwangu ni mbali kiasi gani kwa miguu.

Siku chache baadaye afisa wa ule mradi alinipigia na yeye. Alikuwa kijana mstaarabu kutoka Mbeya, mwanawe alikuwa anakuja kwenye tuisheni yangu. Alisema mkalimani wao amepata dharura, na yeye mwenyewe atakuwa na shughuli za kumwonyesha mgeni mashine na vitabu vya kikundi, je, mwalimu ningeweza kuwasaidia siku moja? Nilikubali kabla hajamaliza. Sikumwambia kwamba mmoja wa wanawake wale ni dada yangu. Niliogopa ataona si sahihi ndugu kumtafsiria ndugu, atafute mtu mwingine. Na nilitaka dada anione nikisimama pale katikati, mgeni akisema na mimi nikisema.

Tulikwenda na gari la mradi. Ilikuwa kiangazi, ule upepo wa Ufipa unaopenya hata kwenye koti, na nyasi zilikuwa zimekauka mpaka upeo wa macho. Mgeni alikuwa mama wa makamo, mwenye nywele fupi za mvi na viatu vya kutembelea milimani. Nasema ukweli, hakuwa mtu mbaya. Njia nzima aliniuliza mambo ya kawaida, nina watoto wangapi tuisheni, wanapenda hadithi gani. Kiingereza chake kilikuwa cha haraka lakini nilikifuata, na kila nilipokifuata nilijisikia mrefu.

Tulipokelewa kwa vigelegele. Akina mama walikuwa wamevaa vitenge juu ya masweta. Niliwasalimu wakubwa shikamoo, na nilipofika kwa dada nikamsalimu vilevile, "Shikamoo dada," naye akaitika "Marahaba" kama anavyomwitikia mtu yeyote, kwa kuwa tulikuwa tumeshakubaliana kwenye simu tufiche undugu wetu. Kikundi kizima kilijua sisi ni nani. Hakuna aliyesema.

Mgeni hakutaka hotuba. Alitaka kila mtu aendelee na kazi yake na yeye apite, akae karibu, aangalie, aulize. Alianza na mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni, ambaye alikuwa anapepeta kidogo, anakaa, anamnyonyesha mtoto, anaongea na jirani, anapepeta tena. Mgeni alimwangalia, akaniambia kwa upole kwamba anaona kama mama huyu ana-"slack off" kidogo. Hilo nililijua. "Slack" ni kulegea, kamba iliyolegea. Nikatafsiri bila shida: "Mama, mgeni anasema anaona umelegea kidogo, kama unatega."

Yule mwanamke aliachia ungo. "Mimi natega? Mwambie huyu mtoto hajalala tangu juzi, anaota meno. Mwambie aje wiki ijayo anione. Na mwambie kule nyuma kuna gunia, nimelimaliza peke yangu kabla hajafika, akaangalie."

Wenzake wakacheka, nami nikatafsiri yote, na mgeni akacheka pia, akaenda kweli kuliangalia gunia. Aliporudi alimshika yule mtoto shavu.

Wa pili alikuwa binti mmoja aliyekuwa anatia unga kwenye pakiti. Mgeni alisema huyu ana-"coast along". Hapo nilikwama. "Coast" mimi naijua ni pwani. Kutoka Mwimbi mpaka pwani ni nchi nzima. Ningeweza kumwuliza mgeni ana maana gani. Lilikuwa swali dogo tu, na mgeni angenijibu kwa furaha. Lakini afisa alikuwa amesimama karibu yangu, baba wa mwanafunzi wangu, na mimi ndiye mwalimu. Nikasema, "Anasema unakwenda vizuri, taratibu." Binti akapiga goti kidogo, akashukuru.

Halafu tukafika kwa dada.

Alikuwa anaosha ulezi kwenye beseni. Kazi ile ina namna yake. Unamwaga maji, unatikisa, ulezi unapanda, mchanga unabaki chini, unauchota ulezi wa juu kwa kiganja, unauhamishia beseni jingine, unamwaga maji tena. Dada alikuwa anaifanya bila kukosea hata mara moja. Mgeni alivuta kigoda, akakaa, akamwangalia kwa muda mrefu kuliko alivyowaangalia wengine wote. Alimwuliza kitu kuhusu maji, dada akajibu. Akamwuliza anapenda hatua gani ya kazi hii, dada akajibu, "Zote." Mikono ilikuwa inaendelea tu.

Mwishowe mgeni aligeuka kwangu na kwa afisa, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayesikitika: "She's just going through the motions."

Neno "motion" nililifahamu tangu somo la fizikia. Mwendo. "Through" ni kupitia. Pale mbele kulikuwa na "just". Nikairuka, maana sikuona kazi yake. Nikamwambia dada, tena kwa sauti ya kusikika: "Anasema unapitia hatua zote. Huruki hata moja."

Dada aliinua uso. Mikono ikasimama. Akatabasamu mpaka meno yakaonekana, na sikuwa nimeyaona meno yake tangu tulipotoka makaburini.

"Mwambie asante," alisema. "Mwambie asante sana. Mwambie nilifundishwa na mama yangu, marehemu."

Nikamwambia mgeni. Dada huyu anashukuru sana, nilisema kwa Kiingereza changu safi, na anasema alifundishwa na mama yake ambaye sasa ni marehemu.

Mgeni alinitazama. Akamtazama dada, aliyekuwa bado anatabasamu. Akamtazama afisa. Afisa alikohoa, akaangalia simu yake. Halafu mgeni akasema "I see", akainuka kwenye kigoda, akasogea kwa mwanamke aliyefuata. Niliona alivyotutazama. Nilidhani ameguswa na habari ya mama yetu.

Baada ya chakula, wageni wakiwa kwenye mashine, dada alinivuta nyuma ya ghala, kwenye kijua. Alikuwa na uso mwingine kabisa.

"Nikija huko nitakaa kwako?"

"Utakaa wapi kwingine?"

"Sitakusumbua. Nitapika." Akavuta kitenge kuziba upepo. "Huko hawanijui. Hakuna atakayeanza kuniita halafu anameza jina."

Nikamwambia chumba kipo. Nikamwambia nitanunua kitanda kingine. Nilikuwa na uhakika kiasi kwamba, tukiwa njiani kurudi, nilikuwa napanga meza ya tuisheni nitaihamishia wapi.

Majina yalitoka baada ya wiki kadhaa. Mmoja alikuwa mwanamke mwingine ambaye sijamtaja. Wa pili alikuwa yule mwenye mtoto mgongoni, niliyemwambia anatega. Dada hakuwamo. Tena mradi ulisema unapunguza kikundi, na yeye alikuwa miongoni mwa walioambiwa wapumzike kwanza.

Alinipigia. Sauti yake ilikuwa tulivu. "Kaniulizie tu," alisema. "Si kwamba nagomba. Nataka kujua. Yeye mwenyewe si alisema siruki kitu?"

Nilikwenda ofisini kwao. Afisa alinikaribisha vizuri, akaagiza chai na maandazi, akaulizia maendeleo ya mwanawe. Nilipomwuliza habari za yule mama wa kuosha ulezi, aliweka kikombe mezani.

"Lakini mwalimu, wewe si ulikuwepo? Mgeni alisema palepale."

"Alisema anapitia hatua zote."

Akaniangalia kwa huruma, ile huruma ya mtu aliyekuwa akingoja jambo lisilopendeza lifike na sasa limefika. "Hapana, mwalimu. Ule ni usemi wao. Maana yake mtu anafanya ilimradi. Mikono inafanya, yeye mwenyewe hayupo. Bora siku iende. Mgeni alisema mtu wa namna hiyo hatuwezi kumpa usimamizi. Halafu yule mama akashukuru, tena akamtaja na mama yake! Mgeni alichanganyikiwa. Alidhani labda ni dharau."

"Na yule mwenye mtoto?"

"Yule aliambiwa akajibu. Akajitetea, akaonyesha kazi. Mgeni alimpenda kwa hilo hasa. Alisema huyu ukimwambia kitu anakipokea."

Nilikaa na andazi mkononi. Kisha nikauliza nililotaka kuuliza. "Wewe ulijua nimekosea?"

"Nilijua."

"Palepale?"

"Palepale."

"Kwa nini hukunisahihisha?"

Alionekana kushangaa kweli. "Ningekuaibisha mbele ya mgeni? Wewe ni mwalimu wa mwanangu."

Alisema hivyo kwa heshima, na najua alikuwa na nia njema. Nimeifikiria sana heshima ile tangu siku hiyo. Mimi sikuuliza ili nisiaibike, yeye hakusema ili nisiaibike, na aliyelipia heshima yetu sote wawili alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni anatabasamu.

Nikamwambia kwamba yule mama alikuwa amefiwa na mtoto. Mtoto pekee.

"Pole yake jamani," alisema, na uso wake ukabadilika. "Ungesema siku ile."

"Hakuna aliyeuliza."

"Ndiyo. Lakini sasa taarifa imeshakwenda, mwalimu."

Sikumwambia kwamba ni dada yangu. Niliona hakuna tena faida, na nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kuhurumiwa.

Kabla ya kwenda Mwimbi nilifanya jambo la kijinga: nilikaa na simu usiku mmoja nikavitafuta vile vitenzi vyote vya mtu asiyejituma. "Slack off", "coast along", "laze around", "skive off", "mess around", "sit back". Vilikuwa vinatoka tu. Nilijiuliza ni watu gani wanaohitaji maneno mengi hivyo ya kutofautisha uvivu na uvivu, kama si watu waliozoea kukaa kwenye kigoda kuwaangalia wengine wakifanya kazi. Nilifurahia wazo hilo kwa muda mfupi. Halafu nikakumbuka kwamba na sisi tunatega, tunazembea, tunalipua kazi, tunazuga, tunafanya bora liende, na kwamba kwenye Kifipa bibi zetu walikuwa na maneno makali zaidi ya hayo, na waliyatumia kwa wakwe zao kila asubuhi. Hatukuwa nyuma hata kidogo. Neno alilohitaji dada, "ilimradi", lilikuwepo kwa Kiswahili, fupi kabisa, na lingenitoka vizuri tu kama ningejua mgeni ana maana gani.

Nilimkuta uani anachagua mawe kwenye ulezi, wa kwao nyumbani sasa. Nilimsalimu, nikakaa kwenye jiwe la kuanikia, nikamweleza yote, kuanzia neno lenyewe, maana yake, jinsi nilivyolitafsiri, mpaka alichosema afisa. Nilisema haraka haraka, nikitegemea atanikatiza kwa hasira, na ningeipokea.

Hakukasirika. Aliendelea kuchagua mawe. Akauliza, "Lilikuwaje hilo neno?"

Nikalirudia. Akajaribu kulitamka, akashindwa, akaacha.

"Kwa hiyo aliona," alisema.

"Aliona nini, dada? Hakukujua. Alikaa pale dakika mbili tatu."

"Aliona kwamba sipo." Aliweka ungo chini. "Mimi sipo tangu siku ile. Nafagia, sipo. Napika, sipo. Shemeji yako anasema tutafute mtoto mwingine, namwitikia, sipo. Nikajua basi ndivyo ilivyo, haionekani. Wewe umekuja hapa kiangazi na masika, umekula chakula changu. Ulikuwa unaona sufuria."

Niliokota kijiwe kimoja kwenye ungo wake, nikakitupa pembeni.

"Mtu wa mbali kaja mara moja kaona," alisema. "Halafu akaona ni uvivu."

Aliinuka akaingia ndani. Nilisikia kitanda kikilia. Nikangoja nje mpaka jua likaanza kushuka, nikafagia uwanja uliokuwa safi, nikaondoka bila kuaga kwa kuwa nilipochungulia alikuwa amegeukia ukutani.

Tangu siku ile aliacha. Sijui namna nyingine ya kulieleza. Kama vile alikuwa anajikaza kwa ajili ya macho ya watu, na alipojua macho hayadanganyiki hakuona tena sababu. Aliacha kufagia, akaacha kupika, akaacha kwenda kwenye jumuiya. Alikuwa analala mchana, anaamka, anakaa mlangoni, anarudi kulala. Wakati alipokuwa anafanya kazi zote bila moyo kijiji kizima kilimsifu kwamba ni mwanamke jasiri, amesimama imara. Alipopumzisha mikono, ndani ya mwezi mmoja akawa mvivu. Mama mkwe wake alilisema waziwazi kisimani: huyu sasa anategea msiba.

Mumewe alikuja kwangu Chanji peke yake. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, kofia magotini, gunia la mahindi amelishusha mlangoni.

"Shemeji," alisema, "naomba umchukue kwa muda. Simfukuzi. Nyumbani wamemwandama, na mimi sijui kusema nao."

"Na wewe unaonaje? Ni mvivu?"

Akatikisa kichwa. "Mimi namjua alivyokuwa analima," alisema. Nikamletea chai akainywa imepoa. Sasa nasikia anaishi na mwanamke mwingine. Simlaumu sana, ingawa siku nyingine namlaumu.

Dada yupo kwangu mpaka leo. Nilimpeleka hospitali, wakaongea naye vizuri, wakampa vidonge, na ziko wiki anavimeza na ziko wiki anavisahau. Siku nzuri anatoka, anakaa nyuma kabisa ya mkeka watoto wakisoma, anawaangalia. Wa darasa la pili nawapangia saa nyingine, yeye akiwa amelala. Hakuniomba, wala sikumweleza. Hajanilaumu tena hata mara moja, na mimi ningependa anilaumu, kwa sababu tukishakula jioni tunakaa wawili kwenye chumba kimoja na hatuna la kusema ila habari za umeme na bei ya mkaa. Siku moja nilijaribu kuomba msamaha. Akasema, "Yameisha hayo, mdogo wangu," kwa sauti ileile aliyomjibu nayo mgeni alipomwuliza anapenda hatua gani.

Mbele ya nyumba yangu kuna jirani mwenye duka, mama mchangamfu, na nilikuwa naongea naye kila siku. Juzi nilikwenda kununua chumvi. Alikuwa ananihesabia chenji, akainamia dirishani, akashusha sauti kama mtu anayekutakia mema.

"Hivi mwalimu, yule dada yako anafanya kazi gani? Mbona anashinda amelala na wewe unahangaika peke yako? Usimlee hivyo, atakuzoea."

Nilimjibu. Nilimjibu kwa sauti kubwa, mbele ya wateja, maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyajua, mengine kwa Kiswahili na mengine kwa Kifipa, na nikamwachia chumvi yake pale dirishani. Waliokuwepo walisema nimekosa adabu. Yule mama alilia, na nadhani hakujua hata kosa lake lilikuwa nini. Sasa nanunua vitu vyangu duka la kule barabarani, na nikipita mbele ya lake tunaangaliana kama watu wasiojuana.